Hesabu iliyofichwa kwenye mpindo wa plau

Mvua za kwanza za Novemba zikishalainisha ardhi, maksai hufungwa nira katika vijiji vinavyoizunguka Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima. Mtoto hutangulia akiongoza, mtu mzima hushika mikono ya plau kwa nyuma, na udongo hupinduka kwa mkanda mrefu. Nguvu ni ya ng'ombe, lakini anayeupindua ule mkanda ni bamba la chuma lililopinda, na mpindo wake umesumbua vichwa vya watu kwa karne nyingi.

Wachina walikuwa na plau zenye bamba la chuma lililopinda tangu enzi ya Han, takriban miaka 2,000 iliyopita. Ulaya ilichelewa. Huko bamba lilikuwa ubao karibu bapa, ukiusukuma udongo pembeni badala ya kuupindua, na plau moja nzito ilihitaji kundi zima la wanyama. Katika miaka ya 1760 fundi wa Uskoti, James Small, alitengeneza mabamba ya mti laini, akalima nayo, kisha akatazama udongo umeyala wapi. Palipolika sana ndipo palipokuwa na mgandamizo mkubwa, akaparekebisha. Umbo lilipomridhisha alilitoa kwa chuma cha kusubu. Plau yake ilivutwa na farasi wawili tu.

Thomas Jefferson alilichukua suala hilo kama mwanahesabu. Mwaka 1788, akiwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, aliwaona wakulima wa Lorraine wakihangaika na plau mbovu, akaanza kuchora. Wazo lake ni zuri mno. Chukua mstari ulionyooka, umelala chini pale plau inapoingia ardhini. Uvute nyuma huku ukiuinua upande mmoja kidogo kidogo, hadi usimame na kuinamia upande wa pili. Njia yote uliyoupitisha mstari huo ndiyo uso wa bamba: umepinda, lakini umejengwa kwa mistari iliyonyooka mitupu. Kwa hiyo seremala yeyote mwenye msumeno na tezo angeweza kuuchonga bila kubahatisha. Jefferson aliueleza kwa maandishi mwaka 1798 na hakuuwekea hataza. Haki inadai tuseme pia kwamba waliolima mashamba yake walikuwa watumwa.

Mwaka 1837, huko Illinois, mhunzi John Deere alikabili tatizo ambalo mkulima wa Itilima analijua vizuri: udongo mweusi unaonata. Chuma cha kusubu kiligandwa na matope, ikabidi mkulima asimame kila mara kukwangua. Deere alitumia chuma cha pua kilichosuguliwa hadi kung'aa, na udongo ukateleza. Ndiyo maana plau iliyoachwa ishike kutu kiangazi kizima hutesa maksai ikiingia mbugani mwezi Novemba.

Huku Usukumani, iliko Itilima, jembe la mkono na matuta vilitangulia. Plau ilienea pamoja na pamba, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, fedha za mauzo zilipoanza kumfikia mkulima. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana katika Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kuanzia miaka ya 1970 kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikawa kinatengeneza majembe na plau hapa hapa nchini.

Chombo kilifika, lakini hesabu yake ilibaki nyuma. Kuna kipimo kimoja ambacho kila mwenye plau angepaswa kufundishwa: uwiano kati ya upana wa mkanda wa udongo na kina chake. Upana ukiwa mara 1.4 ya kina, mkanda hulala kwa nyuzi 45 juu ya wenzake, na hapo ndipo udongo mwingi zaidi hubaki wazi kwa hewa. Ukilima kina cha sentimita 15, kata upana wa 21. Uwiano ukishuka chini ya 1.27, mkanda hurudi mferejini ulikotoka na majani yakaendelea kuota. Plau inayokata upana wa sentimita 25 haifai kuzamishwa zaidi ya 19, hata maksai wawe na nguvu kiasi gani.

Ardhi nayo haifanani. Wasukuma wameipa majina kwa kufuata mteremko: luseni ya kichanga kule juu, itogolo ngumu katikati, mbuga nyeusi bondeni. Bamba fupi lililopinda kwa ghafla huvunja udongo; refu linalojizungusha polepole huulaza mzima. Hata hivyo, bamba la namna moja hupitishwa kote.

Ncha ikishalika, plau huelea juu. Wengi hukandamiza mikono kwa nguvu, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kukandamiza nyuma kunainua ncha mbele. Dawa ni kubadilisha ncha. Kama ncha bado nzima na plau haizami, ongeza pingili za mnyororo unaoiunganisha na nira: mvuto hulala zaidi, na plau hushuka yenyewe.