Moto Hospitalini: Wajibu wa Mtumishi Katika Dakika za Kwanza

Moto unapotokea katika ofisi au soko, watu wengi huweza kutoka nje kwa miguu yao. Hali ni tofauti katika wodi za Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala, wilayani Kinondoni, na ile ya Temeke, au katika Makazi ya Wazee Nunge, Kigamboni. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mtoto njiti na mzee asiyeweza kusimama humtegemea mtumishi aliye zamu. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya mtumishi ndiyo kinga ya kwanza kabla gari la zimamoto halijafika.

Matukio ya nchi nyingine yanathibitisha jambo hilo. Desemba 2011, moto ulianzia katika ghala la chini ya ardhi la hospitali ya AMRI, mjini Kolkata, India. Takriban watu 90 walifariki dunia, wengi wao kwa kuvuta moshi uliopanda hadi wodini. Mei 2022, watoto wachanga 11 walipoteza maisha katika hospitali ya Tivaouane, nchini Senegal, kutokana na moto uliohusishwa na hitilafu ya umeme.

Vyanzo vya hatari

Vyanzo vya kawaida ni nyaya chakavu, vifaa vingi kuchomekwa kwenye soketi moja, majiko, mafuta ya jenereta na vitakasa mikono vyenye spiriti. Vyandarua, magodoro na mashuka hueneza moto kwa haraka. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini huufanya moto uwake kwa ukali zaidi. Hivyo, sigara, mishumaa na viberiti haviruhusiwi karibu na mitungi yake, wala mafuta au grisi kwenye valvu zake.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mtumishi amwondoe aliye katika hatari ya moja kwa moja, endapo anaweza kufanya hivyo bila kuhatarisha maisha yake.

Pili, apaze sauti, abonyeze kengele ya tahadhari na kupiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akitaja jina la kituo, jengo, ghorofa na alama ya karibu inayojulikana.

Tatu, afunge milango na madirisha ya chumba kinachoungua. Mlango uliofungwa huchelewesha moshi na kuwapa wengine muda wa kuokolewa.

Nne, azime moto iwapo tu ni mdogo, amefundishwa, na njia ya kutokea iko nyuma yake. Kizimia moto huvutwa pini, huelekezwa kwenye kitako cha moto na kupulizwa huku na huku. Maji hayatumiki kwenye moto wa umeme wala wa mafuta.

Kuhamisha wagonjwa

Wagonjwa huhamishiwa kwanza wodi ya jirani katika ghorofa hiyohiyo, nyuma ya mlango wa kuzuia moto. Ngazi hufuata endapo hatari inaendelea, na lifti haitumiki. Walio karibu na moto hutangulia. Kisha wanaotembea, wanaotumia viti vya magurudumu, na hatimaye walio kitandani, ambao wanaweza kuburutwa kwa shuka imara. Kiongozi wa zamu ndiye anayeamua kufunga oksijeni, baada ya wanaoitegemea kupatiwa mitungi ya kubebeka. Wote huhesabiwa katika eneo la kukusanyikia.

Wajibu wa uongozi na wananchi

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi mamlaka ya kukagua majengo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa watumishi wake. Uongozi wa kituo unapaswa kuandaa mazoezi, yakiwemo ya zamu ya usiku ambapo watumishi ni wachache, na kuhakikisha milango ya dharura haifungwi kwa kufuli wala kuzibwa kwa vitanda vibovu.

Wananchi wanaokwenda kuona wagonjwa nao wanakumbushwa kutoegesha magari mbele ya malango ya hospitali, na kutii maelekezo ya wauguzi wakati wa dharura. Njia iliyozibwa kwa dakika chache inaweza kumnyima mgonjwa nafasi ya kuokolewa.