Kuchemsha maji hakutoshi

Sista yangu ana mtoto wa miezi miwili na mwezi ujao wanahamia ploti yao. 50 kwa 100, kisima kipo, stima ipo. Nilimuuliza swali moja tu: septiki ya jirani iko wapi? Akacheka. "Si tutachemsha maji!"

Wasee, hebu turudi nyuma kidogo.

London, 1854. Pale Broad Street, mtaa wa Soho, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600. Wakubwa wa enzi hizo waliamini ugonjwa unaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari John Snow yeye akauliza waliokufa walikuwa wanachota maji wapi. Wengi walichota pampu moja. Kuna mjane aliyekuwa amehama mtaa huo, lakini aliletewa maji yake hadi Hampstead kwa sababu alipenda ladha. Naye akafa. Septemba 8 mkono wa pampu uking'olewa. Baadaye walipochimba, wakakuta shimo la choo la nyumba namba 40 liko chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yameoza. Nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa anaharisha, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa humo.

Sawa, viini vya kipindupindu vinakufa ukichemsha. Sasa twende Iowa, Marekani, 1945. Daktari Hunter Comly aliandika kuhusu watoto wachanga wa mashambani waliokuwa wanageuka rangi ya bluu. Shida ilikuwa maji ya visima yaliyochanganywa na maziwa yao. Yalikuwa na nitrati nyingi, kemikali inayotoka kwa samadi, mbolea na vyoo. Nitrati huzuia damu ya mtoto kubeba oksijeni. Haina rangi wala harufu. Na ukichemsha haitoki: maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hivyo inazidi kuwa kali.

Watu hudhani septiki inasafisha. Hapana. Inashika uchafu mzito, halafu maji yake yanaingia ardhini. Kazi ya kuchuja ni ya udongo. Mahali maji ya chini yako karibu, au mwamba una nyufa kama matumbawe ya Pwani, uchujaji ni kidogo sana. Kule Manyatta, Kisumu, watafiti walipima visima vifupi katikati ya vyoo wakapata bakteria wa kinyesi.

Sasa piga hesabu. Wataalamu wengi hushauri kisima kikae mita 30 au zaidi kutoka kwa choo. Ploti ya 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30. Yaani hata ukiweka kisima kona hii na septiki kona ile, umefika tu kwa kipimo. Na jirani anaweza kuchimba yake ukutani kwako, mita chache kutoka kwa ndoo yako.

Ndio maana naona kosa si la sista. Tunauziwa ploti moja moja, lakini maji ya chini hayajui beacon. Mtaa mzima unafaa kukubaliana visima vikae wapi na vyoo wapi, kabla ya fundi wa kwanza kushika jembe.

Kwa sasa nimemwambia apeleke maji maabara, yapimwe bakteria na nitrati, zote mbili. Hadi majibu yarudi, maziwa ya mtoto yachanganywe na maji mengine.