Shauri Lililosimama



Katika makanisa yetu vikao ni vingi: baraza la wazee, kamati ya ujenzi, mkutano wa akina mama. Mara nyingi neno hupitishwa upesi na mikono yote huinuliwa, lakini baada ya mwezi mmoja hakuna alishikaye. Kwa nini? Na tutazame mikutano miwili iliyofanywa hapa kwetu Kenya.

Mwezi wa Juni 1913 wamishonari walikusanyika Thogoto, Kikuyu, katika misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuwako Waanglikana wa C.M.S., Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo. Haja yao ilikuwa ya kweli. Kila misheni ilikuwa na sehemu yake ya nchi na desturi zake. Je, mtu aliyebatizwa Kikuyu akienda Mombasa kutafuta kazi, atakaribishwa huko kwenye Meza ya Bwana, au atahesabiwa mgeni?

Mwenyekiti alikuwa Askofu Willis wa Uganda. Wakatunga mpango wa shirikisho, msingi wake ukiwa Biblia, Imani za kale za Kanisa, Ubatizo na Ushirika Mtakatifu. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wapresbiteri, na watu wa misheni mbalimbali wakashiriki pamoja.

Lakini furaha ile haikudumu. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, hakuwako. Aliposikia habari, aliwashtaki maaskofu wenzake wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wamekwenda kinyume cha imani. Ugomvi ukaenea hata Uingereza. Mwaka 1915 likaja shauri la Askofu Mkuu kwamba ibada ya namna ile isirudiwe. Mpango mkubwa ukakwama.

Mwezi wa Julai 1918 wakakutana tena pale Kikuyu. Safari hii Weston alikuwako, akasema yake mbele ya wote. Juu ya mamlaka ya maaskofu hawakupatana, na kanisa moja halikuzaliwa. Hata hivyo hawakutawanyika mikono mitupu. Misheni nne, yaani C.M.S., Kanisa la Scotland, Africa Inland Mission na Wamethodisti, zilifanya Muungano kwa kazi zile walizoweza kuzitenda pamoja. Muungano ule ulizaa matunda. Mwaka 1926 shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu, na mwaka 1943 likaundwa Baraza la Wakristo la Kenya, ambalo leo twalijua kama N.C.C.K.

Ndugu zangu, tunajifunza nini? Kwanza, mpinzani asiyeitwa kikaoni hatanyamaza. Atasema nje, na kwa sauti kubwa zaidi. Ni afadhali tumsikie uso kwa uso. Pili, jambo dogo ambalo wote watalibeba ni bora kuliko jambo kubwa litakaloachwa njiani.

Liko na la tatu. Wajumbe wa 1913 walikuwa wamishonari. Mwafrika aliyebatizwa, ambaye shauri lile lilimhusu hasa, hakuwa na kiti mezani. Tusiwahukumu upesi. Katika kamati zetu wenyewe, ni mara ngapi tunapanga mambo ya vijana bila kijana hata mmoja, au mambo ya wajane bila kumwuliza mjane?

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, wazee wakisikiliza. Kule Yerusalemu, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 15, palikuwa na mabishano mengi. Petro alisema, Barnaba na Paulo wakasikilizwa, ndipo Yakobo akatoa shauri. Wakaandika barua, na kuwatuma ndugu waieleze kwa mdomo huko ilikokwenda.

Basi kabla ya kuinua mikono katika kikao kijacho, na tuulize: Ni nani asiyekuwapo hapa? Bwana atupe masikio ya kusikia. Amina.