Chelezo cha Pumzi

Mvuvi wa Marekani wa siku hizi, apendaye kuvua kwa ndoano mitoni na maziwani, aweza kununua chombo cha maboya mawili ya kujazwa upepo, yaliyounganishwa kwa vyuma, na kiti kimoja katikati. Hukijaza kwa pampu, hukiendesha kwa makasia, na jioni hukitoa upepo akakikunja akarudi nacho nyumbani. Aghalabu mwenye nacho hudhani kuwa ana kitu kipya, zao la mpira na viwanda. Sivyo. Maboya mawili, jukwaa, na mtu juu yake: umbo hilo lilikuwako katika pwani ya kaskazini ya Chile kabla Wahispania hawajafika huko katika karne ya 16.

Pwani hiyo imepakana na jangwa la Atacama, ambalo ni miongoni mwa mahali pakavu kupita pote duniani. Nchi kavu haikuwa na mti wa kuchongea mtumbwi. Bahari, kwa sababu ya mkondo wa maji baridi, ilijaa samaki. Wachango, watu walioishi baina ya ukame huo na neema hiyo, walimtazamia simba wa bahari, mnyama wa jamii ya sili. Nyama yake waliila, mafuta yake waliyatumia, ngozi yake waliezekea vibanda. Na kwa ngozi hiyo hiyo waliunda chombo cha kumfuata yeye na samaki wake.

Jerónimo de Vivar, aliyeandika habari za Chile katika mwaka 1558, alivieleza vyelezo hivyo, na wasafiri wa baadaye waliongeza habari zao. Ngozi zilitobolewa kwa miiba ya mipungate, zikashonwa ziwe viriba viwili virefu vyenye ncha zilizoinuka, kisha zikapakwa mafuta na udongo mwekundu ili maji yasipenye. Viriba vilifungwa pamoja, na juu yake kukawekwa jukwaa la vijiti. Mvuvi alipiga magoti karibu na omo akavuta kafi lenye bapa huku na huku, na chusa lake kando yake.

Lakini jambo lililokitenga chombo hiki na vingine lilikuwa dogo: mrija uliotiwa katika kiriba. Kwa mrija huo mwenyewe alivuvia upepo kwa kinywa chake. Na kiriba kilipolegea katikati ya bahari, aliushika akavuvia tena. Mwenye mtumbwi wa mti huweza kuusahau ufukweni siku nyingi akaukuta ulivyokuwa. Mwenye chelezo cha ngozi hakuwa na raha hiyo. Ngozi ikikaa majini mno hulainika, ikikaa juani mno hupasuka, na mshono mmoja ukifumka mbali na nchi kavu hapana ubao wa kushikilia. Kumiliki chombo hicho kulikuwa kukilea, na usalama wa mvuvi ulikuwa sawasawa na uangalifu wake.

Katika karne ya 19 chelezo kilipata kazi nyingine. Shura ya jangwani ilitakiwa sana Ulaya, na pwani ile ilikuwa na mawimbi ya kuvunja mashua za mbao penye miamba. Kiriba chenye upepo hugonga jiwe kikaruka; kwa hiyo vyelezo vya wavuvi vilikodiwa kupakia shura merikebuni. Magati yalipojengwa na mashua zilipokuwa nyingi, kazi hiyo ilikwisha, na uvuvi wa chelezo ukafifia.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo Ulaya ilikuwa ikianza kulibuni jambo lilelile. Katika miaka ya 1840 Peter Halkett, afisa wa jeshi la maji la Uingereza, alitengeneza joho la kitambaa chenye mpira lililogeuka kuwa mashua ya mtu mmoja likijazwa upepo. Wakuu wake walilisifu kuwa la werevu, wakasema halina faida kwa jeshi.

Katika miaka ya 1960 Hans Niemeyer, mtaalamu wa mambo ya kale wa Chile, aliandika juu ya chelezo cha ngozi cha Chañaral de Aceituno, ambako ufundi ule ulikuwa umesalia katika kumbukumbu ya uzee. Wachango wenyewe walikwisha kuhesabiwa na wengi kuwa watu waliotoweka. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka: walikuwa wamebadili chombo, si ukoo. Mwaka 2020, kwa sheria namba 21.273, Chile iliwatambua miongoni mwa makabila yake ya asili.

Wavuvi wa pwani hiyo sasa huenda baharini kwa mashua za injini. Simba wa bahari angali yuko, na kumuua kumewekewa mipaka na sheria. Naye hufuata mashua hizo, akararua nyavu na kupokonya samaki.