Kanisa la Methodisti la Kenya na Waumini Wake Katika Siasa: Historia Fupi

Kanisa la Methodisti la Kenya lilianzia pwani mwaka 1862, pale Thomas Wakefield, mmisionari kutoka Uingereza aliyeitikia mwito wa Johann Ludwig Krapf, alipofungua kituo Ribe, katika nchi ya Wamijikenda. Mwaka uliofuata aliungana naye Charles New, ambaye mwaka 1871 alipita Taita akielekea Kilimanjaro na kupanda hadi penye theluji. New hakuacha kituo katika milima ya Taita, na waliotangulia kujenga humo walikuwa Waanglikana waliofika Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki waliofika Bura mwaka 1892. Ndiyo maana mkazi wa Mghange, huko Taita, anayetaka kuwajua viongozi wa siasa waliokulia katika imani ya Methodisti hulazimika kutazama mbali zaidi ya vilima vya Dawida.

Imani hiyo ililea viongozi kwa utaratibu wake wa ndani. John Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyeianzisha harakati hiyo Uingereza katika karne ya 18, aliwagawa waumini katika madarasa, yaani vikundi vidogo vya watu wapatao 12, kila kimoja kikiwa na kiongozi wake, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa kawaida asiye na upadrisho, aliyekusanya michango, aliyeulizia hali ya kila mmoja na aliyewajibika kwa mkutano mkubwa zaidi. Makanisa kadhaa yakiungana huitwa sirkiti, na mimbari za sirkiti huhudumiwa kwa sehemu kubwa na wahubiri walei, yaani waumini wasio makasisi waliopewa idhini ya kuhubiri. Mkulima aliyezoea kusimama mbele ya watu, kuongoza kikao na kutoa hesabu ya fedha za wenzake alikuwa amekwisha kupata mafunzo ya uongozi kabla hajaomba kura hata moja.

Tangu mwanzo imani hiyo iligusa pia mambo ya dola. Mwezi Februari 1791, siku chache kabla ya kufa, Wesley alimwandikia mbunge William Wilberforce akimhimiza asichoke kupinga biashara ya watumwa, na katika karne iliyofuata misheni za Ribe na Jomvu zikawapokea watumwa waliotoroka kwa mabwana zao, jambo lililozua uhasama mkubwa kwa wenye mashamba wa pwani.

Mwaka 1967 kanisa lilianza kujitawala, likiwa na Konferensi yake, yaani mkutano mkuu wenye mamlaka ya juu, chini ya Ronald Mng'ong'o. Mrithi wake, Askofu Lawi Imathiu wa Meru, aliteuliwa kuwa mbunge katika miaka ya 1970, akiwa bado kiongozi wa kanisa, na mwaka 1986, Wamethodisti wa dunia walipokutana Nairobi, akachaguliwa kuongoza Baraza lao la Dunia. Kwa uzito wa nafasi hizo mbili kwa pamoja, hakuna Mmethodisti wa Kenya anayestahili kukumbukwa zaidi yake katika uwanja huu.

Hata hivyo, imani moja haizai siasa moja. Nelson Mandela alibatizwa na kusomeshwa na Wamethodisti wa Afrika Kusini. Nchini Zimbabwe, Askofu Abel Muzorewa na mchungaji Canaan Banana, wote Wamethodisti, walisimama pamoja mwaka 1971 kuupinga mpango wa Uingereza na serikali ya walowezi, kisha wakatengana, Muzorewa akawa waziri mkuu mwaka 1979 kwa makubaliano na walowezi, naye Banana akawa rais wa kwanza wa nchi huru mwaka 1980. Mpiga kura aliyetegemea jina la kanisa pekee asingejua amfuate yupi.

Majina ya maaskofu yamehifadhiwa, lakini ya viongozi wa madarasa na wahubiri walei waliotumikia mabaraza ya vijiji na kamati za shule yanapotea kadiri wazee wanavyoondoka. Kila sirkiti iwaandike sasa, wangali hai wanaowakumbuka.