Kiharusi: Picha ya ubongo yasaidia pale saa isipojulikana

Kwa miaka mingi, mtu aliyeamka asubuhi akiwa amepooza upande mmoja alikosa dawa kwa kuwa hakuna aliyejua kiharusi kilianza saa ngapi. Maendeleo ya vipimo vya picha yamebadili hali hiyo.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu katika ubongo unapoziba au unapopasuka. Dalili hufanana: mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kutotamkika. Hata hivyo, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inayoweza kumwokoa mgonjwa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Ndiyo sababu picha hutangulia dawa.

Kipimo cha CT, kilichotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971, huonyesha mara moja damu iliyovuja. Lakini mshipa ukiziba, athari zake huenda zisionekane bayana katika saa za mwanzo. Madaktari wakategemea saa: dawa ilitolewa ndani ya saa tatu, kisha, kufuatia utafiti wa mwaka 2008, ndani ya saa nne na nusu.

Kipimo cha MRI kiliongeza ushahidi mwingine. Aina moja ya picha zake huonyesha madhara ndani ya dakika chache, nyingine baada ya saa kadhaa. Doa likionekana katika ya kwanza pekee, yaelekea kiharusi ni kipya. Utafiti wa WAKE-UP, uliofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2018, ulihusisha wagonjwa 503 waliochaguliwa hivyo. Baada ya siku 90, asilimia 53 ya waliopewa dawa walikuwa na hali nzuri, ikilinganishwa na asilimia 42 ya waliopewa dawa bandia, ingawa visa vya kuvuja damu viliongezeka.

Picha pia huonyesha ni sehemu gani ya ubongo bado inaweza kuokolewa. Kwa baadhi ya wagonjwa, donge la damu sasa huondolewa kwa mrija hata saa 24 baada ya kiharusi kuanza.

Hata hivyo, kuchelewa kungali na gharama kubwa. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hukadiriwa kupoteza seli milioni 1.9 kila dakika. Familia inashauriwa kumkimbiza mgonjwa hospitali yenye CT, na kukumbuka saa alipoonekana mzima mara ya mwisho.