Turathi Katika Vitabu vya Watoto

Katika maneno matatu tuliyoyapokea kutoka shina moja la Kiarabu, yaani mirathi, urithi na turathi, ni hilo la mwisho ndilo listahililo kuwa istilahi ya vitabu vinavyowafunulia watoto utamaduni wa wazee wao. Kwani mirathi ni mali ya marehemu, igawanywayo kwa mafungu yaliyokadiriwa na sharia, na urithi hukusanya shamba, ng'ombe na hata maradhi ya ukoo, ilhali turathi kila mmoja huitwaa nzima na mwenziwe asipungukiwe kitu.

Maana hiyo aliidhihirisha Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico, aliyeanza kazi ya ukutubi mjini New York mwaka 1921; naye, alipokosa rafuni hadithi za kwao, akawa akiwasimulia watoto kwa Kihispania na Kiingereza, hata mwaka 1932 akachapisha kisa cha Martina, mende, na Pérez, panya, alichokisikia kwa bibi yake. Tangu 1996 nishani yenye jina lake hutunukiwa waandishi na wachoraji wa asili ya Kilatino, na sharti hilo nalisifu, kwa kuwa turathi husimuliwa na wenyewe.

Ama mtoto wa Nyamarambe, huko Mugirango Kusini katika Kisii ya Kenya, mtaala umempa fursa ya kujifunza lugha ya kwao, Ekegusii, katika gredi za mwanzo, na kabla yake palikuwa na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu. Walakini kitabu cha kiada, kijapokuwa kwa Ekegusii, kazi yake ni kufundisha kusoma. Kitabu cha turathi kitamweleza kwa nini msichana huitwa Kwamboka, jina litokanalo na kuvuka. Kitamwonyesha obokano, ala ya muziki ya kwao, na nyuzi zake nane, pamoja na vidole vya mpigaji. Kitampeleka Tabaka, kwa wachongaji wa jiwe la sabuni, aone jinsi kinyago kinavyosuguliwa majini hata kikalainika. Na omogano wa bibi, yaani ngano yake, kitauandika kama ulivyosimuliwa, pamoja na zimwi lake, bila kuuongezea mawaidha ya darasani.

Wako wanaopenda kusema "kitabu cha kitamaduni". Mimi silikubali jina hilo, kwa sababu limekwisha kuzoeleka katika ngoma na mavazi ya maonyesho ya wageni, na mtoto si mgeni kwao. Na kitabu cha turathi kichapishwe kwa Ekegusii ukurasa mmoja na Kiswahili ukurasa wa pili, ili mtoto wa Lamu naye akisome.